Wawili Waliokiri Kumuua Koko

Kufikia Jumanne asubuhi, Inspekta Mukarugwiza alikuwa na watu wawili waliokiri kosa moja, kila mmoja akishikilia kwamba alilitenda peke yake, na yeye hakumwamini hata mmoja wao.

Wa kwanza alikuwa Habineza, fundi wa kompyuta wa polikliniki moja ya binafsi mjini Kamembe, mzee wa mvi aliyekaribia kustaafu. Wa pili alikuwa Uwase, binti aliyefundishwa kazi na Habineza huyohuyo, na ambaye sasa alikuwa amepewa nafasi yake. Aliyeuawa, kama wafanyakazi wa pale walivyosema, alikuwa Koko.

Koko hakuwa mtu. Polikliniki ilikuwa na seva mbili kubwa katika chumba cha ghorofani, na ndani ya seva hizo ziliishi kompyuta kadhaa zisizo na mwili, zile ambazo mafundi huziita mashine pepe: moja ya mapokezi, moja ya duka la dawa, moja ya picha za eksirei, na nyingine za namna hiyo. Programu maalumu ndiyo iliyozigawia nguvu na nafasi, kila moja ikajiona kama ina nyumba yake peke yake. Ya maabara ilikuwa kongwe kuliko zote. Mfumo wake ulikuwa wa zamani mno, lakini ndio pekee uliojua kuzungumza na mtambo wa kupimia damu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuuondoa. Waliiita Koko, kama watoto wa Bukavu wanavyowaita bibi zao, na asubuhi mtu wa maabara alipofika kazini aliuliza kwanza Koko ameamkaje.

Jumapili Uwase alikuwa ameweka toleo jipya la programu ile kwenye seva ya kwanza. Mashine zote ziliamka, isipokuwa Koko. Uwase akajaribu kumhamishia kwenye seva ya pili, ambayo bado ilikuwa na toleo la zamani. Seva ikakataa. Koko alikuwa amepandishwa kiwango: umbo lake lilikuwa limebadilishwa lilingane na toleo jipya, na mabadiliko hayo hayana kurudi nyuma. Kwenye seva mpya, mfumo wake wa kale haukulitambua umbo hilo. Kwenye seva ya zamani, umbo lenyewe halikujulikana. Akawa hana pa kukaa. Na katika kumbukumbu za seva, mbele ya amri ya kumpandisha, palikuwa na jina la Habineza.

Kila mtu pale alijua kwamba Habineza alikuwa amelipinga toleo jipya kwa muda mrefu, na kwamba mwezi uliopita, kwa sababu hiyo, alikuwa ameondolewa ghorofani na kupelekwa stoo kuhesabu kebo na betri. Kwa hiyo Daktari Izabayo, mkurugenzi, hakuhitaji kufikiri sana. Alifunga chumba cha seva, akawazuia mafundi wote wawili wasikikaribie, akapiga simu polisi.

Hakuwa mtu mbaya, Daktari Izabayo. Kilichomtia hofu kilikuwa kimelala wodi ya wazazi. Nyiransabimana, mkulima wa Gitambi, alikuwa mjamzito, na damu yake na ya mtoto aliye tumboni hazikupatana. Tangu mwanzo wa mimba maabara ilikuwa ikipima kama mwili wa mama unazidi kumpiga vita mtoto. Kipimo cha Jumatatu kilifanywa kwa mkono, kikatoka kikubwa kiasi cha kutia wasiwasi, lakini bila kuviona vya nyuma hakuna aliyeweza kusema kama kimepanda ghafla au kilikuwa hivyo siku zote. Kwenye kadi yake wauguzi walikuwa wameandika tu kwamba amepimwa. Tarakimu alikuwa nazo Koko. Kama zimepanda, mama apelekwe Kigali kabla ya jioni. Kama hazijapanda, kumtikisa kwenye kona zote zile za barabara ya msitu wa Nyungwe ndiko kungemdhuru. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini programu ya kuhifadhi nakala nayo haikuelewana na toleo jipya, na mtaalamu wa kuzipatanisha alikuwa Kigali hadi mwisho wa wiki.

Ambulansi ilikuwa imeshajazwa mafuta. Ilisimama mlangoni, dereva akiwa ndani.

Mukarugwiza alianza na Habineza. Alikutana naye stoo, katikati ya maboksi, mzee akiwa amevaa koti na viatu vilivyong'arishwa, kama mtu aliyejiandaa kuchukuliwa. Wote wawili walikulia Bukavu na kurudi Rwanda wakiwa watu wazima, kwa hiyo waliongea Kiswahili cha huko bila kuulizana.

"Njo miye, Maman," Habineza alisema kabla hajaulizwa. "Andika jina yangu, umwache ule mutoto aende nyumbani."

Inspekta alivuta boksi akakaa. Alimwambia kwamba jina ameshaliandika jana, leo anataka kujua namna. Habineza akaeleza kwamba Jumapili alikuwa Muganza, kwenye ubatizo wa mtoto wa mdogo wake, na kwamba aliingia kwenye seva kwa simu kutoka hukohuko, akatoa amri, akarudi kula.

"Iyo telefone iko wapi?"

Mzee akaitoa mfukoni. Ilikuwa ya vibonyezo, ya kupigia na kupokea tu, kioo chake kimepasuka pembeni. Aliitazama pamoja na Inspekta, kisha akasema kwamba aliazima ya mtu.

Mukarugwiza hakubishana. Jana jioni, baada ya kusikia kwa wafanyakazi habari za ubatizo huo, alikuwa amezungumza na huyo mdogo wa Habineza, akaomba atumiwe picha za sherehe. Sasa akafungua moja kwenye simu yake mwenyewe, akaisogeza mbele ya mzee. Ilipigwa kanisani, saa ileile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Habineza alikuwa mbele kabisa, akicheka.

"Mukono huu umeshika mushumaa," Inspekta alisema. "Huu umeshika mutoto. Telefone ulishika na nini, Papa?"

Habineza aliitazama ile picha. Alipoinua uso aliuliza jambo lingine kabisa.

"Banaweza kumufunga?"

Inspekta alijibu kwamba hajui bado. Akasimama, akapangusa sketi vumbi la maboksi. Alikuwa amepata alichokitaka: mzee huyu hakuwa na mkono katika jambo lile, na alidhani Uwase ndiye mwenye mkono.

Lakini kabla ya kumwendea Uwase kulikuwa na mtu wa tatu ambaye Daktari Izabayo alimtaja mara mbili. Aimable alikuwa mwakilishi wa kampuni ya Kigali inayouza seva. Alikuwa Kamembe wiki nzima akijaribu kuishawishi polikliniki inunue vifaa vipya, na Jumapili alionekana getini. Mtu anayeuza seva mpya hanung'uniki sana za zamani zikifa. Inspekta alimkuta mapokezi, tai shingoni na begi magotini, akisubiri kuonana na mkurugenzi.

Aimable alishtuka kuulizwa na polisi, lakini alijibu kila swali. Ndiyo, alikuja Jumapili, akitumaini kazi ikiwashinda ataitwa asaidie. Hakuitwa. Alikaa na mlinzi hadi jioni, akaenda zake hotelini. Inspekta akatoka hadi getini, akamuuliza mlinzi mwenyewe. Latifu, kijana wa familia za Waislamu wa Kamembe ambaye babake alikuwa fundi cherehani sokoni, alithibitisha yote. Ufunguo wa ngazi anao yeye, na mgeni hapandi bila yeye kumfungulia. Aimable alinunua mahindi ya kuchoma, wakabishana mpira mchana kucha, akashindwa.

Njia hiyo ikafungika. Hata hivyo Inspekta alirudi mapokezi na kumuuliza Aimable jambo moja la kiufundi, maana yeye peke yake pale hakuwa na sababu ya kumficha mtu. Je, amri ya kupandisha mashine hutolewa wakati gani?

Aimable alieleza taratibu, akitumia mikono. Mashine ikiwa inafanya kazi haiwezi kubadilishwa umbo, kama vile mtu hawezi kushonewa suruali aliyoivaa. Lazima ilale kwanza. Ikishalala, umbo linabadilishwa, kisha inaamshwa.

Inspekta alimshukuru, akapanda ngazi.

Uwase alikuwa katika chumba kidogo cha mikutano, macho mekundu, chai mbele yake imepoa na kufunga utando. Hata yeye hakusubiri swali. Alisema Papa Habineza hana kosa lolote. Yeye ndiye aliyempandisha Koko, kwa kuwa alikasirika kuona haamki, na alitumia jina na neno la siri la Habineza ili lawama imwangukie mzee. Alilisema hilo la mwisho akiangalia meza, haraka, kama dawa chungu.

"Iyo neno ya siri ni gani?"

"Mukeshimana. Jina ya muke yake, ule alikufa."

Mukarugwiza aliandika. Kisha akamwomba amsimulie Jumapili yote, polepole, tangu alipoingia chumba cha seva. Uwase akasimulia. Alihamisha mashine nyingine zote kwenye seva ya pili zikiwa macho, bila kuzizima, maana programu ile inaweza kufanya hivyo na mtumiaji asijue. Akaweka toleo jipya kwenye seva ya kwanza, akazirudisha. Koko peke yake hakuweza kuhamishwa akiwa macho, kwa sababu ya uzee wake, kwa hiyo ilibidi amlaze. Alimlaza kwa taratibu zote, akisubiri mfumo ufunge kila kitu wenyewe, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Alipomwamsha, akaona kioo cha buluu, kile ambacho mfumo huonyesha ukishindwa kuwaka.

"Kutoka kumulaza mpaka kumuamusha, ulifanya nini?"

"Hakuna kitu. Nilibonyeza tu aamuke."

"Na kumupandisha?"

Uwase alikuwa ameshasema kwamba alimpandisha baada ya kuona haamki. Sasa alikuwa amesema kwamba kioo cha buluu alikiona mara ya kwanza alipomwamsha. Koko alikuwa amepandishwa kabla ya hasira kuwapo.

Inspekta hakumbana hapo. Aliuliza kitu kingine: Habineza alipopelekwa stoo, akaunti yake kwenye seva ilibaki wazi?

"Hapana. Ilifungwa."

"Na nani?"

"Na miye. Dokta aliniambia niifunge siku ileile. Papa Habineza alikuwa anasimama nyuma yangu. Aliniambia niangalie vizuri nisisahau hatua hata moja."

"Basi Jumapili uliingia aje mu nyumba ulifunga wewe mwenyewe?"

Binti akaanza kulia, bila sauti. Mukarugwiza alimsogezea leso. Alipotulia, alikiri kwamba hakuingia. Alipoliona jina la Habineza kwenye kumbukumbu alidhani mzee amepata njia. Anaijua seva ile kuliko mtu yeyote, na alikuwa na kila haki ya kuwa na uchungu. Amebakiza muda mfupi apate pensheni yake. Yeye Uwase bado kijana, hata akifukuzwa atapata kazi nyingine, hata ng'ambo ya mpaka.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Habineza alikuwa kanisani Muganza. Uwase hakuwa na ufunguo wa jina lile, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameufunga. Aimable alikuwa getini anashindwa mabishano ya mpira. Na bado Jumapili amri ilitekelezwa, kwa jina la mtu ambaye hakuwepo, katika ule upenyo mdogo kati ya kulala na kuamka kwa Koko.

Umeme ukakatika. Feni ya mapokezi chini ikasikika ikipunguza mwendo, na kabla haijasimama, jenereta ikanguruma nyuma ya jengo na taa zikarudi. Inspekta alisogea dirishani. Kutoka pale aliiona jenereta yote, na uwanja uliokuwa wazi kuizunguka. Hapakuwa na mtu.

Alishuka tena getini, akamuuliza Latifu nani ameiwasha.

"Hakuna muntu, Maman," Latifu alijibu. "Fundi aliiambiaka mwaka jana: umeme ikienda, waka. Ule fundi hata hafanyi tena hapa."

Mukarugwiza alisimama pale kidogo akiangalia malori yanayopanda kutoka upande wa mpaka. Kisha akageuka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari Izabayo kuomba ufunguo wa chumba cha seva.

Mkurugenzi alikataa. Alisema kwamba hawezi kuwafungulia watuhumiwa wawili chumba chenye ushahidi, na kwamba mchana huu lazima aamue kuhusu mama wa Gitambi. Inspekta alimjibu kwamba ni kwa ajili ya mama huyo anaomba ufunguo. Atasimama mlangoni mwenyewe, na Daktari akitaka asimame naye. Daktari alimwangalia, akafungua droo.

Habineza na Uwase hawakuwa wameonana tangu Jumamosi. Walipokutana mlangoni kila mmoja alitazama viatu vya mwenzake. Ndani kulikuwa na baridi na mvumo wa mafeni. Kulikuwa na kiti kimoja tu. Habineza alikisukuma kuelekea kwa Uwase, Uwase akakirudisha, na mwishowe kiti kikabaki katikati bila mtu.

Inspekta aliuliza kama iliwahi kutokea siku yoyote, hata kwa mchezo, mtu akatoa amri ya kumpandisha Koko. Wote wawili walisema hapana, kwa pamoja. Akabadilisha swali.

"Papa, siku ulimufundisha huyu kupandisha mashine, ulimufundisha na mashine gani?"

Habineza alifikiri. Alisema ilikuwa mwaka jana, masika, wakati yeye mwenyewe alikuwa bado anapanga kuweka toleo jipya, kabla hajagundua kwamba mtambo wa damu ungekuwa na matatizo na kuanza kulipinga. Alimkalisha Uwase kwenye kiti chake, chini ya jina lake, akamwonyesha kwamba mashine inaweza kuachiwa amri ya kusubiri: siku utakayolazwa, pandishwa. Walianza na ya mapokezi, wakaiwekea amri, wakaifuta. Wakafanya hivyohivyo na ya duka la dawa.

"Na Koko?"

"Koko nilisema tusimuguse. Nimuonyeshe tu pa kubonyeza, kisha tutoke."

"Mukatoka?"

Uwase ndiye aliyekumbuka. Aliweka mkono mdomoni kwanza. Simu ya maabara ililia, alisema. Basi lilikuwa limepinduka, majeruhi wanaletwa, na mtambo wa damu umekwama. Walikimbia chini wote wawili, wakakaa huko wakiushughulikia mtambo hadi watu wote walipopata damu. Kesho yake hakuna aliyerudi kwenye somo.

"Nani alikuwa ameshika kipanya?"

"Ni miye," alisema Habineza.

"Hapana, ni miye," alisema Uwase.

"Basi," Inspekta alisema. "Nimechoka na miye-miye yenu. Mufungue muangalie."

Uwase akakaa kwenye kiti. Habineza akasimama nyuma yake, na baada ya kidogo akaegemea mgongo wa kiti, kama ilivyokuwa mazoea yake. Walitafuta historia ya Koko, wakirudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Amri ilikuwepo. Iliwekwa siku ya ajali ya basi, kwa jina la Habineza, jina lililokuwa wazi wakati huo. Ilikuwa imekaa pale kimya tangu siku hiyo, na kufungwa kwa akaunti hakukuigusa, kwa kuwa ilikwishatolewa.

Daktari Izabayo, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, aliuliza swali la haki kabisa. Umeme umekatika mara ngapi tangu masika ya mwaka jana? Koko ameanguka na kuamshwa mara nyingi. Mbona hakupandishwa?

Habineza alinyoosha kidole kwenye kioo, kwenye alama ndogo chini ya amri. Alieleza kwamba amri ile inaweza kuwekewa sharti: itekelezwe tu kama mashine imelazwa vizuri, si kama imeanguka. Ni sharti la usalama. Yeye huwa anaweka sharti hilo daima na ndivyo alivyomfundisha Uwase. Umeme ulipokatika Koko alianguka tu, kwa hiyo amri ikaendelea kusubiri. Mtu wa kwanza kumlaza kwa adabu alikuwa Uwase, Jumapili.

"Kumbe kama ningechomoa tu waya," Uwase alisema.

"Usiseme vile," Habineza alimwambia. "Ulifanya vizuri."

Hapo ndipo upelelezi wa Mukarugwiza ulipokwisha, lakini hakuondoka, kwa sababu wale wawili walikuwa wameshamsahau. Uwase alikuwa akisema kwamba diski ya Koko haijaguswa. Kilichobadilika ni umbo tu, na tangu Jumapili usiku amekuwa akijiuliza kama haiwezekani kutengeneza umbo jipya tupu, la kipimo cha zamani, kwenye ile seva ya pili ambayo bado haijabadilishwa, kisha likapewa diski ya Koko. Habineza alisema inawezekana, na yeye huko stoo alikuwa akifikiria kitu hichohicho, lakini hakujua kama seva ya pili imeshabadilishwa au la. Aliongeza kwamba wachukue nakala ya diski kwanza, wafanye kazi na nakala. Na kadi ya mtandao ya umbo hilo iwe ya aina ile ya kale kabisa kwenye orodha, siyo ile inayojichagua yenyewe, la sivyo Koko ataamka lakini hatauona mtambo wa damu.

"Nilikuwa nimesahau kadi," Uwase alisema.

"Na miye nilikuwa nafikiri seva zote mbili zimekwisha kubadilishwa."

Daktari Izabayo aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia hayo. Uwase alimjibu kwa upole kwamba yeye Dokta alikuwa amefunga mlango. Mkurugenzi alivua miwani akaifuta, akasema kweli, alikuwa amefunga mlango.

Kunakili diski kulichukua muda. Daktari alienda wodini akarudi, akaenda tena akarudi. Dereva wa ambulansi alipiga honi mara moja, Latifu akaenda kumwambia anyamaze. Hatimaye Uwase akabonyeza. Kioo kilikaa cheusi hadi Inspekta akaanza kudhani wameshindwa. Kisha ikatokea picha ya kale ya mfumo ule, yenye rangi ambazo watengenezaji wa kompyuta waliziacha miaka mingi iliyopita, na mstari mdogo ukaanza kujaa kutoka kushoto.

Hakuna aliyeshangilia. Uwase alimwita mtu wa maabara kwa simu, akamwambia kwamba Koko ameamka na ajaribu mtambo. Mtambo ukajibu. Daktari Izabayo mwenyewe ndiye aliyetafuta jina la Nyiransabimana, akiinama juu ya bega la Uwase, akisoma vipimo vya nyuma kimoja kimoja kwa sauti ya chini. Vilikuwa vikubwa tangu mwanzo. Cha Jumatatu hakikuwa kimezidi chochote.

Daktari alikaa sakafuni, pale pale, na suti yake. Kisha akasimama akaenda kumwambia mama kwamba hatalala barabarani leo. Dereva wa ambulansi aliirudisha gari kivulini, akashuka kutafuta chakula.

Taarifa ya Inspekta Mukarugwiza ilikuwa fupi. Mtuhumiwa: hakuna. Aliiandika akiwa amesimama, akiegemea ukuta wa korido. Kabla ya hapo mkurugenzi alikuwa amewaomba radhi wote wawili mbele yake, akamwambia Habineza kwamba stoo wataipatia mtu mwingine, na kwamba seva ya pili haitaguswa hadi wao wawili wakubaliane namna. Aimable naye alipewa miadi, ya kuzungumzia mtambo mpya wa damu, siyo seva. Akaondoka akipiga mluzi.

Habineza alimsindikiza Inspekta hadi juu ya ngazi. Walisimama pale. Chini, mapokezi yalikuwa yamejaa watu tena.

Mukarugwiza alimuuliza jambo ambalo halikuwa la kuandikwa. Alitaka kujua kama kweli angekubali kufungwa, mtu wa umri wake, kwa ajili ya kosa ambalo hata hakujua kama ni la binti yule.

Mzee alicheka kidogo, akaona haya.

"Batoto yangu biko Ulaya," alisema. "Ni batoto bazuri, bananipigiaka simu Noeli. Lakini presha yangu, Maman, ni huyu anaijuaka. Kila siku ananiuliza kama nimemeza dawa. Hata wakati niko stoo alikuwa anashuka kuniuliza."

Mlango wa chumba cha seva ulifunguka nyuma yao. Uwase alitoa kichwa, uso umevimba kwa kulia na kukosa usingizi, glasi ya maji mkononi.

"Papa," aliita, "umemeza?"

Habineza alipapasa mifuko ya koti, mmoja, kisha mwingine. Akamuaga Inspekta kwa mkono, akageuka, akarudi ndani.